Chuma Kisichonunua Kitu: Habari za Vipande, Visahani na Nishani za Wazee Wetu

Katika kurasa zilizotangulia msomaji amekwisha kuonyeshwa hesabu ya fedha za Chama: ada za wanachama, misaada ya matanga, na karo tulizowalipia watoto yatima. Sasa twamwomba atupe nafasi kidogo tumweleze habari za vipande vya madini ambavyo havimo katika daftari la Mweka Hazina, kwa kuwa havinunui kitu. Hakuna duka Endebess wala Kitale litakalovipokea kwa kibaba cha unga. Hata hivyo, mwaka huu Halmashauri imekaa vikao viwili kwa ajili ya kipande kimoja tu cha namna hiyo, na tumeona vema habari yake iandikwe, ili yaliyotupata yawafae na wengine.

Mambo yalianza hivi. Nyumba mbili za ukoo mmoja, wajukuu wa ndugu wawili waliozaliwa tumbo moja, zilileta shauri mbele yetu. Mama mmoja mzee, mke wa marehemu kaka mkubwa, alikuwa ameweka chini ya kitanda chake kibweta cha mbao. Ndani yake mlikuwa na vitu vitatu: kijaluba cha chuma chenye kutu, uzi uliotungwa senti za zamani zenye tundu, na nyota ya shaba ya manjano yenye pembe sita, isiyo na utepe. Nyumba ya kaka ilisema nyota ni ya babu yao. Nyumba ya mdogo ilisema kwamba babu yao naye alikwenda vitani, na kwamba tangu utotoni waliambiwa nyota ni yake. Maneno yalikuwa yameanza kuwa makali, hata watu wa nyumba hizo wakaacha kusalimiana njiani. Sisi wa Halmashauri hatukuwa na elimu ya mambo hayo. Ilitubidi tujifunze kwanza, ndipo tuamue.

FEDHA, NA KISICHO FEDHA

Sarafu hupata nguvu yake kwa serikali inayoitoa. Serikali ikibadilika, au ikiikataa, sarafu hubaki kuwa madini tu. Senti zile zenye tundu zilizokuwa katika kibweta zilikuwa fedha halali ya Afrika ya Mashariki wakati wa ukoloni, nazo zilitundikwa katika uzi ili zisipotee. Kenya ilipoanza kutoa fedha yake yenyewe mwaka 1966, siku zake zilikuwa zimekwisha. Leo mtoto huzichezea, wala hajui kwamba babu yake alizitolea jasho la mwezi mzima.

Tena ziko sarafu ambazo tangu mwanzo hazikutoka mkononi mwa serikali. Kampuni ya Kiingereza iliyotawala pwani na njia ya bara kabla ya mwaka 1895 ilipiga fedha zake kwa jina la Mombasa mwaka 1888, na pesa zake za shaba zilichorwa mizani na maandishi ya Kiarabu. Vilevile katika nchi iliyokuwa ya Wajerumani, ambayo leo ni Tanzania bara, baadhi ya mashamba makubwa yalipiga vipande vyao wenyewe vya madini kwa ajili ya vibarua wao. Kipande kama hicho kilikuwa na thamani mle shambani alimofanyia mtu kazi. Akivuka mpaka wa shamba, amebeba chuma.

Hapo ndipo tulipofahamu kwamba wako watu katika nchi nyingi ambao kazi yao ni kukusanya na kuchunguza vitu vya namna hii: vipande vya mashamba, beji, nishani, na kila kisahani kilichofanana na fedha bila kuwa fedha. Nao huvitazama kama sisi tunavyotazama barua za zamani. Huuliza: nani alikitoa? Alimpa nani? Kwa kazi gani? Naye aliyepewa alipata nini kingine pamoja nacho? Tukaona kwamba maswali haya manne yatufaa hata sisi.

KIJALUBA CHA SHINGONI

Tulianza na kijaluba, kwa sababu kila mzee wa hapa alikijua. Ndicho kilichochukua kipande. Sheria ya kuwaandikisha Waafrika iliwekwa mwaka 1915, lakini kwa sababu ya Vita Kuu haikuanza kutumika mpaka vita vilipokwisha, yapata mwaka 1919 na 1920. Kila mwanamume Mwafrika aliyefikia umri wa miaka 16 alipaswa kuwa na karatasi yenye jina lake, kabila lake na alama za vidole vyake. Humo bwana wa kazi aliandika siku aliyomwajiri na mshahara aliomwekea, na siku ya kuachana alitia sahihi. Mtu ambaye kipande chake hakikutiwa sahihi alionekana kuwa mtoro, wala hakuweza kupata kazi pengine kwa amani. Na kwa kuwa karatasi huharibika kwa mvua na jasho, ilitiwa katika kijaluba cha chuma na kuvaliwa shingoni kwa uzi. Watu wa upande wa Kikuyu walikiita kwa jina la kengele ya mbuzi. Msomaji hahitaji kuelezwa zaidi.

Kipande kisichanganywe na tikiti ya kazi. Tikiti ilikuwa ya siku 30 za kazi, nayo ilitiwa alama kila siku kibarua alipomaliza sehemu yake. Desturi ya mashamba ilikuwa siku hizo 30 zitimizwe katika muda wa siku 42. Siku bila alama ni siku bila mshahara. Na wale walioishi mashambani na mifugo yao, walioitwa maskwota, walifungwa na sheria ya mwaka 1918 kumfanyia kazi mwenye shamba siku zisizopungua 180 kwa mwaka. Hayo ndiyo maisha ya wengi waliolima mahindi chini ya Mlima Elgon.

Malalamiko juu ya kipande hayakunyamaza. Yalikuwa miongoni mwa mambo aliyoyasema Harry Thuku, ambaye kukamatwa kwake kulileta mauaji ya Nairobi tarehe 16 Machi 1922. Hata hivyo kipande kilidumu miaka mingi baada ya hapo, hata ilipotungwa sheria ya mwaka 1947 ya kuwaandikisha watu wa rangi zote. Walowezi wengi walipoambiwa kwamba wao nao watatoa alama za vidole, walikasirika mno. Jambo walilotufanyia sisi kwa muda wa karibu miaka 30 waliliona kuwa aibu lilipowafikia wao.

Kijaluba kilichokuwa katika kibweta hakikuwa na karatasi ndani. Ilikuwa imekwisha kuoza. Juu ya chuma hapakuandikwa jina. Mama mzee alituambia kilikuwa cha mumewe, nasi tuliandika neno lake, kwa maana hakuna shahidi mwingine.

KISAHANI CHA MPAGAZI

Kabla ya kipande palikuwa na kisahani. Katika Vita vya 1914 hadi 1918 wanaume wetu walichukuliwa kwa maelfu kuwa wapagazi wa jeshi, wakabeba risasi na vyakula mpaka ndani kabisa ya nchi ya Wajerumani. Jina la kikosi chao, Carrier Corps, limebaki katika mitaa ya Kariokor mjini Nairobi na Kariakoo kule Dar es Salaam. Mpagazi alitambuliwa kwa namba yake, iliyopigwa katika kisahani cha madini. Makumi ya maelfu walikufa, wengi wao si kwa risasi bali kwa kuhara, homa na njaa. Wengi hawakuzikwa mahali panapojulikana. Kwa hiyo kisahani chenye namba, kikipatikana leo katika nyumba ya mtu, huenda kikawa ndicho kaburi la pekee alilo nalo.

Hapa yafaa tukumbuke jambo linaloihusu nchi hii tunayoikaa. Mwaka 1919, vita vilipokwisha, serikali ya koloni ilifanya mpango wa kuwagawia mashamba askari Wazungu, na Trans Nzoia ilikuwa miongoni mwa sehemu zilizogawiwa. Askari mmoja alirudi vitani akapewa ardhi. Mpagazi aliyembebea mzigo alirudi akapewa kipande, akaja kulima katika ardhi ileile. Hatuandiki haya ili kuamsha uchungu uliolala. Twayaandika kwa sababu vyuma hivi viwili, kisahani na kijaluba, vikiwekwa pamoja mezani vyaeleza historia ya Endebess kwa ufupi kuliko vitabu vingi.

NISHANI ZENYE JINA NA ZISIZO NA JINA

Sasa twaja kwenye nishani, ambazo ndizo zilizoleta ugomvi. Nishani ya fedha ya Vita vya kwanza ina sura ya mfalme upande mmoja, na mpanda farasi upande wa pili, na upana wake ni milimita 36. Jambo kubwa halipo usoni, bali ukingoni. Ukiigeuza na kuutazama mzingo wake utaona namba, jina na kikosi cha aliyepewa. Nishani kama hiyo yaweza kukaa miaka mia katika kibweta, na bado ikamtaja mwenyewe.

Nyota na nishani nyingi za Vita vya 1939 hadi 1945 hazikufanywa hivyo. Serikali ya Uingereza ilizitoa bila kuandika jina. Askari alijua ni yake, mkewe alijua, na watoto wake walijua. Lakini wakifa wote, nyota hubaki haina mwenyewe. Basi nyota iliyoletwa mbele yetu ilikuwa ya namna hiyo, wala hatukuweza kuikata kesi kwa kusoma jina.

Msomaji asidhani kwamba kila nishani ni ya kujivunia tu. Iko nishani ya vita vya Afrika iliyowekwa mwaka 1902, ambayo juu ya utepe wake hutiwa kibao chenye jina la mahali. Kimoja cha vibao hivyo ni cha Nandi, mwaka 1905 na 1906, yaani vita vile ambavyo Koitalel arap Samoei aliuawa tarehe 19 Oktoba 1905. Kingine ni cha Kenya, kwa miaka ya 1952 hadi 1956. Nishani hizo walipewa pia Waafrika waliopigana upande wa serikali. Mwenye kuikuta katika nyumba yake asiitupe kwa aibu, wala asiinue kichwa kwa kiburi. Na aiweke, aandike ilitoka wapi, na wajukuu waisome pamoja na habari za wale waliopigwa.

JINSI SHAURI LILIVYOAMULIWA

Nyota ile ilikuwa imesuguliwa kwa majivu na ndimu kila mwaka tangu mwenyewe alipofariki, kwa kuwa mama mzee alitaka ing'are siku ya kumkumbuka mumewe. Mkono wake wa upendo ulikuwa umefuta karibu herufi zote. Mjumbe mmoja wa Halmashauri, aliyepata kuwa mwalimu, aliweka juu yake karatasi nyembamba na kuipaka taratibu kwa ubavu wa penseli. Herufi zilijitokeza moja moja katika duara la katikati. Hazikusoma Afrika. Zilisoma Burma.

Hapo ilitupasa kutafuta tofauti. Nyota ya Afrika, ambayo utepe wake una rangi ya mchanga wa jangwani, ilitolewa kwa waliopigana Afrika ya Kaskazini, na pia kwa waliopigana Uhabeshi, yaani Ethiopia, tangu Juni 1940 mpaka Novemba 1941, Waitaliani walipojisalimisha kule Gondar. Nyota ya Burma ilitolewa kwa vita vilivyopiganwa na Wajapani tangu Desemba 1941 mpaka Septemba 1945. Huko ndiko divisheni ya 11 ya Afrika ya Mashariki ilikoteremka bonde la Kabaw mwaka 1944, katika mvua na matope na malaria, mpaka ikafika mto Chindwin.

Tukamwuliza mama mzee, mbele ya nyumba zote mbili, mumewe alirudi lini kutoka vitani. Alijibu bila kusita. Alirudi kutoka Uhabeshi akiwa na jeraha la mguu, mwaka ule wa njaa, kabla ya kuzaliwa mtoto wao wa pili, wala hakutoka tena. Mtoto huyo alizaliwa mwaka 1943, na cheti chake cha ubatizo kipo. Mtu aliyekuwa Endebess na mguu mbovu mwaka 1943 hakuweza kupigana Burma mwaka 1944.

Nyota ilikuwa ya mdogo mtu. Yeye alirudi baada ya vita, akamkabidhi kaka yake vitu vyake, akaenda mjini kutafuta kazi, akafa huko watoto wake wakiwa wadogo. Kaka alimhifadhia. Alipokufa naye, kumbukumbu ikageuka, na kitu cha amana kikaonekana kuwa mali. Hakuna aliyesema uongo. Kila nyumba ilisema ilivyosikia.

Mama mzee alinyamaza kwa muda mrefu. Kisha akasema, "Basi miaka yote hii nimekuwa nikimsafishia shemeji yangu." Akaifunga nyota katika leso, akampa mjukuu wa mdogo mtu kwa mikono miwili. Kijana yule, ambaye mpaka siku ile hakuwahi kuona kitu chochote kilichoguswa na babu yake, alishindwa kutoa shukrani kwa maneno. Nasi hatukumtaka aseme. Kuhusu Nyota ya Afrika ya kaka, twahofu ilikwisha kuuzwa zamani kwa mnunuzi wa vyuma vikuukuu pamoja na sufuria zilizotoboka, maana watu wa nyumba hiyo wakumbuka mauzo ya namna hiyo. Ndiyo sehemu ya shauri hili tusiyoweza kuitengeneza.

YATUPASAYO KUFANYA

Kutokana na hayo Halmashauri imepatana juu ya mambo machache, na twamsihi kila mwanachama ayashike.

Kwanza, mtu asisugue nishani wala kipande kwa majivu, mchanga, ndimu au dawa ya kung'arisha. Weusi wa shaba na fedha si uchafu. Ni ngozi yake. Akitaka kusoma maandishi yaliyofifia, atumie karatasi na penseli kama ilivyoelezwa.

Pili, asitoboe tundu, asichomelee kishikio, wala asitenganishe utepe na nishani yake, hata kama utepe umechakaa. Rangi za utepe ni maandishi pia. Kitu kifungwe katika karatasi au kitambaa kikavu, kiwekwe mbali na moshi wa jikoni.

Tatu, na hili ndilo kubwa, habari iandikwe wakati mwenye kuijua angali hai. Jina la aliyepewa, kijiji chake, mwaka aliotoka na mwaka aliorudi, na jina la anayeeleza. Maneno kumi yaliyoandikwa leo na bibi wa miaka 90 yana thamani kuliko uchunguzi wote utakaofanywa kesho. Mwandishi wa Chama amefungua daftari kwa ajili hiyo. Vitu havitachukuliwa, kila mtu atarudi na chake nyumbani. Kitakachobaki kwetu ni maandishi na picha.

Nne, asiye na mahali salama asiuze kwa mpita njia. Mjini Kitale tunalo jumba la makumbusho la taifa, lililofunguliwa mwaka 1974, ambalo msingi wake ni mkusanyo wa mlowezi mmoja, Hugh Stoneham, aliyekusanya wadudu, vitabu na vitu vingine mpaka kufa kwake mwaka 1966. Bwana huyo aliona kwamba kipepeo wa Trans Nzoia astahili kuandikiwa jina, mahali na tarehe aliyokamatwa. Twauliza kwa heshima: je, mtu wa Trans Nzoia aliyevaa chuma shingoni miaka 20 hastahili kuandikiwa kiasi hicho?

Mpaka tunapopeleka taarifa hii kuchapishwa, daftari letu lina kurasa chache tu zilizojazwa. Ukurasa wa kwanza ni wa nyota ya Burma, na chini yake yameandikwa majina ya ndugu wawili, mmoja aliyeipata na mmoja aliyeihifadhi. Nyumba zote mbili zilitia sahihi, na mama mzee, asiyejua kuandika, alitia alama ya kidole gumba. Alicheka kidogo alipokuwa akifuta wino, akatuambia kwamba hii ni mara ya kwanza katika ukoo wao mtu kutoa kidole chake kwa hiari.

Kurasa zilizobaki zinangoja. Mkutano Mkuu ujao, pamoja na ada yako, tafadhali ulete na kile kilichomo katika kibweta, na umlete aliye mzee zaidi nyumbani kwako akae karibu nawe na kukieleza.